Jinsi ya Kuwatenganisha Wanamichezo na Wasanii Wenye Jina Moja

Ukisimama katika soko la Majengo hapa Dodoma na kuuliza Mohamed Hussein ni nani, muuza nyanya aliyevuka miaka 50 atakutajia mshambuliaji wa Yanga wa miaka ya 1990 aliyeitwa Mmachinga, na kijana anayemsaidia kupanga mafungu atakutajia Tshabalala, beki wa kushoto aliyeitumikia Simba kwa miaka mingi hadi kuwa nahodha wake. Wote wawili watakuwa wamejibu sawasawa. Tatizo linaanza pale mtu wa tatu, asiyewajua vizuri wachezaji hao, anapoketi kuandika habari za Mohamed Hussein, akachukua mabao ya mmoja na mataji ya mwingine, akatengeneza mchezaji ambaye hajawahi kuwapo duniani.

Nimeandaa kumbukumbu za michezo na burudani kwa miaka mingi, kwanza kwa ajili ya ligi za kata, baadaye kwa ajili ya vipindi vya redio na maonesho ya ngoma na kwaya, na katika kazi yote hiyo hakuna kosa lililonirudia mara nyingi kama la kuwachanganya wajina. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayefanya kazi ya namna hiyo: anayeandika taarifa ya mechi, anayemwandalia mshereheshaji karatasi ya kusoma jukwaani, anayetunza kumbukumbu za klabu au za shule, au anayetaka tu kuwa na hakika kwamba sifa anazozisambaza ni za mtu yule anayemkusudia.

Niseme kwanza kosa langu, kwa sababu utaratibu wote nitakaoueleza ulizaliwa hapo. Niliandaa tanzia ya mwimbaji wa kwaya, mtu wa sauti ya nne aliyezunguka vijijini akifundisha kwaya kwa zaidi ya miaka 20. Nilipokuwa nikitafuta habari zake nilikuta jina lake na la baba yake katika orodha ya zamani ya mbio za mkoa, nikafurahi kama aliyeokota fedha, nikaandika kwamba marehemu alikuwa pia mkimbiaji wa mbio ndefu katika ujana wake. Tanzia ikasomwa redioni. Kesho yake asubuhi akaja mzee mmoja kwa baiskeli, amebeba picha iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaifungua picha ile taratibu juu ya meza yangu. Ilikuwa picha ya wanakwaya wamevaa majoho, na wa mwisho kulia alikuwa ameegemea mkongojo.

"Mwanangu," akasema, "huyu mwenye mkongojo ndiye kaka yangu tuliyemzika. Aliumia mguu akiwa mtoto, hakukimbia hata siku moja. Huyo mkimbiaji mnayemsema yupo, anaishi Mpwapwa, na tangu jana watu wanapiga simu nyumbani kwake kulia msiba."

Kwa sentensi moja nilikuwa nimewakosea watu wawili: marehemu nilimvisha maisha ambayo hayakuwa yake, na aliye hai nikamzika. Tangu siku ile sijaandika jina la mtu yeyote likiwa peke yake.

Andika jina kamili, na usiupindue mpangilio wake

Jambo la kwanza ni kuelewa kwa nini majina yetu yanarudiarudia. Katika familia nyingi za Kiislamu mtoto hupewa jina la siku au la mwezi aliozaliwa, na ndiyo maana kina Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani na Ramadhani hawaishi. Upande wa Wakristo wa Ugogo, ambako misheni zilifika mapema, kina Yohana, Petro, Daudi na Samweli wamejaa kila kijiji. Jina la pili, kwa desturi yetu, ni la baba, na la tatu aghalabu ni la babu au la ukoo. Majina ya kwanza yakiwa machache na majina ya baba yakitoka katika kapu lile lile, ni lazima watu wengi wafanane majina mawili ya mwanzo bila kuwa na udugu wowote.

Angalia kina Juma peke yao. Yupo Juma Ikangaa, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1957, aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 na kushika nafasi ya pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Yupo Juma Kaseja, golikipa. Yupo Juma Nature wa Bongo Fleva, na yupo Jux, ambaye naye jina lake la kuzaliwa ni Juma. Hali ni hiyo hiyo kwa Mrisho: mmoja ni Mrisho Ngassa, winga aliyepita Yanga, Azam na Simba, na mwingine ni Mrisho Mpoto, msanii wa mashairi na nyimbo za asili. Kichwa cha habari kinachosema "Mrisho afunguka" hakijamwambia msomaji lolote mpaka jina la pili litokee.

Kwa hiyo andika majina matatu kila unapoyapata, na uyaandike kwa mpangilio ule ule anaoutumia mwenyewe. Hapa wengi hufanya uzembe, wakidhani kwamba kupindua jina si kosa kubwa. Ni kosa kubwa. Salum Abubakar, kiungo aliyechezea Azam kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Yanga, anaitwa Sure Boy. Abubakar Salum, aliyechezea Yanga kabla yake, naye aliitwa Sure Boy. Wa pili ni baba wa wa kwanza. Baba aliitwa Abubakar mwana wa Salum, akamzaa mtoto akampa jina la babu yake, na hivyo mtoto akawa Salum mwana wa Abubakar. Jina la utani nalo likarithiwa. Ukipindua majina hayo mawili kwa kutojali, umemfanya mtoto kuwa baba, na hata jina la utani halitakuokoa kwa sababu ni la wote wawili. Desturi ya kumpa mtoto jina la babu ni ya heshima kubwa na sitamani iishe, lakini inamtaka mwandishi awe macho kila anapokutana na baba na mwana waliofuata kazi moja.

Jina la tatu pia ndilo hutuokoa orodha zinapopangwa na wageni. Alphonce Felix Simbu, mwanariadha aliyetokea Singida, alipata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, na mwaka 2025 akawa bingwa wa dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, muda ule ule ulioandikwa kwa Amanal Petros wa Ujerumani aliyekuwa nyuma yake kwa kifua tu. Mtu anayekata jina na kubaki na Alphonce Felix atakuwa na majina mawili ya ubatizo ambayo yanaweza kuwa ya yeyote kuanzia Manyoni hadi Iramba. Simbu ndilo linalomtambulisha.

Mahali ambapo jina la mwisho ni la ukoo mzima wa wasanii, hali inageuka, na ni jina la kwanza linalobeba uzito. Ukisema tu Zawose katika Dodoma, wengi watamkumbuka Hukwe Zawose, fundi wa ala za ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, ambaye aliufikisha muziki wa Kigogo katika majukwaa ya Ulaya. Lakini leo wapo Pendo na Leah wa kikundi cha The Zawose Queens, ambao nao ni wa ukoo huo na wanasafiri na muziki huo huo. Anayeandika "Zawose alitumbuiza" anamnyima sifa mmojawapo, na mara nyingi anayenyimwa ni mwanamke.

Siku ya kuzaliwa iandikwe yote

Mwaka pekee hautoshi. Mali imewahi kuwa na wachezaji wawili wa timu ya taifa wanaoitwa Adama Traoré, mmoja amezaliwa tarehe 5 na mwingine tarehe 28, wote Juni 1995. Wa tatu, winga mwenye misuli mikubwa aliyecheza ligi ya Uingereza, amezaliwa Hispania mwezi Januari 1996 kwa wazazi kutoka Mali hiyo hiyo. Jina moja, asili moja, mchezo mmoja, na kati ya wawili wa kwanza hata mwezi ni mmoja. Bila tarehe kamili hakuna namna ya kupanga mabao yao.

Waigizaji wa Marekani nao wana mfano unaokaribiana na huo. Wako Vanessa Williams wawili, wote wamezaliwa mwaka 1963, mmoja mwezi Machi na mwingine Mei. Wa Machi ndiye mwimbaji aliyevishwa taji la urembo la Miss America kabla ya kuingia kwenye filamu. Na kana kwamba haikutosha, mmoja aliigiza katika filamu ya mwaka 1997, na mwingine akaigiza katika tamthilia ya televisheni iliyotokana na filamu ile ile. Mtu anayetegemea jina na kichwa cha filamu atawachanganya kwa yakini.

Kwa wazee wetu tahadhari ni moja. Wengi hawakuandikiwa siku walipozaliwa, na fomu zilipokuja kujazwa baadaye waliandikiwa Januari 1 ya mwaka uliokadiriwa. Ukikuta Januari 1, usiichukue kuwa alama ya kumtofautisha mtu na wajina wake. Tafuta kijiji, tafuta jina la shule, tafuta aliyemfundisha.

Jina la kati halikuwekwa bure

Hapa ndipo jambo linaponivutia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mbio za Boston, zile zile ambazo Ikangaa alizikosa mara tatu, orodha ya washindi wake ina jina la Robert Cheruiyot wa Kenya mwaka 2003, 2006, 2007, 2008 na 2010. Ukiisoma orodha hiyo haraka utasema huyu ni mtu mmoja mwenye mataji matano. Ni watu wawili. Robert Kipkoech Cheruiyot, aliyezaliwa mwaka 1978, ndiye mwenye mataji manne. Robert Kiprono Cheruiyot, aliyezaliwa mwaka 1988, alishinda mwaka 2010 kwa saa 2:05:52, na wakati huo ilikuwa rekodi ya njia hiyo. Kwa Kikalenjini, Kipkoech ni mtoto aliyezaliwa alfajiri, na Kiprono ni aliyezaliwa jioni mbuzi na kondoo wanaporudi nyumbani. Mama zao walikwisha kuwatenganisha siku ya kwanza kabisa. Anayewachanganya ni mwandishi aliyelitupa jina la kati akidhani ni pambo.

Msomaji wa Kiswahili atapenda pia kujua kuhusu Michael Jordan. Aliyezaliwa mwaka 1963 ni mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu wa Chicago Bulls, na kwa wengi jina hilo halihitaji maelezo. Mwigizaji aliyezaliwa mwaka 1987 hujiandika Michael B. Jordan, na herufi hiyo B ni kifupi cha Bakari. Ndiyo, Bakari yetu hii hii ya Kondoa na ya Tanga. Ukiiacha herufi hiyo kwa kuona ni ndogo, umemgeuza mwigizaji kuwa mchezaji wa kikapu aliyemzidi miaka 24. Mimi katika maandishi ya Kiswahili hupenda kuandika Michael Bakari Jordan angalau mara moja mwanzoni, kwa sababu jina hilo likisomwa kwa sauti msikilizaji wetu halisahau tena.

Jina la utani hutembea, mtu hubaki

Jina la utani ni msaada mkubwa, na kwa kina Mohamed Hussein ndilo lililotuokoa. Lakini lina tabia ya kuhama. Tshabalala ni jina lililokopwa kwa Siphiwe Tshabalala wa Afrika Kusini, aliyefunga bao la kwanza la Kombe la Dunia la mwaka 2010. Haruna Moshi wa Simba aliitwa Boban kama kiungo wa Croatia. Kwa hiyo ukikuta jina la utani katika gazeti la zamani, jiulize kama ni lake au ni la yule aliyemkopesha, na uliandike daima pamoja na jina halisi, kamwe si badala yake.

Brazil wametoa somo refu kuliko wote. Katika kikosi cha mwaka 1994 kulikuwa na beki aliyeitwa Ronaldo na kijana mdogo aliyeitwa Ronaldo. Beki akawa Ronaldão, yaani Ronaldo mkubwa, na kijana akawa Ronaldinho, yaani Ronaldo mdogo. Katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 kijana yule, ambaye tayari alikuwa maarufu, bado alivaa jezi iliyoandikwa Ronaldinho kwa sababu palikuwa na beki mwingine aliyeitwa Ronaldo. Mwaka 1999 akaingia kijana mwingine tena, na safari hii huyo mpya ndiye akapewa jina la Ronaldinho, huku wa zamani akibaki Ronaldo. Maana yake ni kwamba taarifa ya mwaka 1996 inayosema "Ronaldinho" inamhusu mtu mmoja, na ya mwaka 2002 inamhusu mwingine. Jina la utani lisomwe pamoja na mwaka wake. Naye Cristiano Ronaldo, wa Ureno, inasimuliwa katika familia yao kwamba jina hilo la pili lilitokana na Ronald Reagan, ambaye kabla ya kuwa rais wa Marekani alikuwa mwigizaji wa filamu. Hakuitwa kwa ajili ya Mbrazil yeyote.

Wasanii wetu wa hip hop walilimaliza jambo hili kwa urahisi zaidi: yupo Nikki Mbishi na yupo Nikki wa Pili. Usiandike Nikki peke yake hata kama mazungumzo yote ya siku hiyo ni juu ya mmoja wao.

Usimpasue mtu mmoja kuwa wawili

Mtu akishazoea kuwinda wajina, huanza kuwaona hata pasipokuwepo. Mwaka 2018 ilipoandikwa kwamba Alikiba amesajiliwa na Coastal Union ya Tanga, wapo waliodhani ni mchezaji mwingine mwenye jina hilo. Alikuwa ni yule yule mwimbaji. Mtu anaweza kuimba na kucheza mpira, anaweza kuwa mwanariadha kisha akawa mwalimu wa kwaya, na hata kosa langu lile la tanzia lilianza na wazo ambalo kwa lenyewe si baya. Kilichokosekana ni ushahidi wa kuunganisha.

Kanuni yangu sasa ni hii: ili kusema kwamba kazi mbili ni za mtu mmoja, nahitaji alama mbili zinazolingana zaidi ya jina, kwa mfano tarehe ya kuzaliwa na kijiji, au picha na jina la mke, au kauli ya ndugu aliyemfahamu katika kazi zote mbili. Na ili kusema kwamba ni watu wawili, nahitaji angalau alama moja inayopingana waziwazi, kama vile wote wawili kuonekana mahali tofauti siku moja. Nisipopata, naandika ninachokijua cha kila upande na kuacha pengo. Pengo halimdhuru mtu.

Tafuta kwa tahajia zote

Hili halihitaji maneno mengi. Ally na Ali, Mohamed na Mohammed, Abdallah na Abdullah, Ngassa na Ngasa, Alphonce na Alphonse: kila jina litafute kwa sura zake zote kabla hujasema hakuna habari. Tofauti ya herufi moja si ushahidi kwamba ni watu wawili, kwa sababu karani mmoja aliandika anavyosikia na mwingine anavyojua.

Zipo pia namba za utambulisho. Shirikisho la riadha la dunia humpa kila mwanariadha ukurasa wake wenye tarehe ya kuzaliwa na matokeo yake, na kwa wasanii na waandishi ipo namba ya kimataifa ya tarakimu 16 iitwayo ISNI, iliyobuniwa hasa kwa ajili ya kuwatenganisha wenye jina moja. Ukiipata, inakili, na usitegemee kichwa chako kuikumbuka.

Siku ya mechi

Kazi ngumu zaidi ni ile inayofanyika huku vumbi linatimka. Katika mechi moja ya kata upande wa Chang'ombe timu moja ilikuwa na kina Yohana wawili, jina la kwanza na la baba yakiwa yale yale, mmoja beki na mwingine kiungo. Beki alipewa kadi ya njano dakika ya 23, kiungo akapewa yake dakika ya 71. Mwandishi wa meza aliandika majina bila namba, na jioni alipojumlisha akaona Yohana ana kadi mbili, kwa hiyo akaonekana ametolewa nje, ilhali wote wawili walimaliza dakika 90 uwanjani. Ilitubidi kumfuata mwamuzi nyumbani kwake usiku atufungulie kijitabu chake, na humo mlikuwa na namba tu: 4, kisha 14.

Kuanzia hapo tuliandika tukio kwa namba ya jezi kwanza, jina baadaye. Kumbuka tu kwamba jezi hubadilika kutoka msimu hadi msimu, kwa hiyo namba hiyo inatosha kwa siku hiyo na haitoshi kwa kumbukumbu ya kudumu. Na mtangazaji wa kipaza sauti asijibunie namna ya kuwatofautisha wachezaji kwa maumbile yao, kama vile Yohana mfupi au Yohana mweusi. Wafuate vijana wenyewe kabla ya mchezo, uwaulize wanapenda kuitwaje. Wale wawili walichagua majina ya babu zao, na nyuso zao walipotajwa hivyo mbele ya watu zilitosha kunionesha kwamba walikuwa wamelisubiri swali hilo.

Kwa msanii anayechagua jina

Vijana wengi wa hapa mjini wanaorekodi nyimbo hunijia wakiwa wamekwisha kuchapisha mabango, ndipo wanagundua kwamba jina lao la kisanii linatumiwa na mwingine. Majukwaa ya muziki ya mtandaoni huweza kuweka nyimbo za wasanii wawili wenye jina moja katika ukurasa mmoja, na hapo si sifa tu inayopotea, ni mapato pia. Kwa hiyo kabla ya wimbo wa kwanza, litafute jina hilo kwa tahajia zote nilizozitaja, na ukilikuta lina mtu, ongeza neno au badilisha kabisa.

Kubadilisha si aibu. Chama cha waigizaji wa filamu wa Marekani hakiruhusu wanachama wawili kutumia jina moja la kazi, na ndiyo sababu kijana aliyezaliwa akiitwa Michael Douglas ilimbidi awe Michael Keaton, kwa kuwa Michael Douglas mwingine alikwisha kuwapo. David Bowie naye alizaliwa David Jones, akaachana na jina hilo kwa sababu palikuwa na mwimbaji maarufu aliyeitwa Davy Jones. Jina jipya lisimame na la zamani katika kumbukumbu: andika jina la kisanii, kisha jina la kuzaliwa, kisha mwaka alioanza kulitumia.

Daftari na safu ya "Si yule"

Vifaa vyangu ni vichache. Nina daftari kubwa la kurasa zenye mistari, na kila mtu ana mstari wake: jina kamili, siku na mahali pa kuzaliwa, kazi, kipindi alichofanya kazi hiyo, jina la utani, na mahali nilipoipata habari. Safu ya mwisho nimeiandika "Si yule". Humo naandika kila wajina wake ninayemfahamu, pamoja na alama moja ya kumtambua. Kwa Mohamed Hussein Mmachinga imeandikwa: si yule beki wa kushoto aliyekuwa nahodha wa Simba. Kwa Salum Abubakar imeandikwa: si yule baba yake, Abubakar Salum. Safu hiyo ndiyo ninayoisoma kabla ya kutoa karatasi yoyote mkononi mwangu, na kama iko tupu, hunitia wasiwasi zaidi kuliko ikiwa imejaa, kwa sababu mtu asiye na wajina hata mmoja katika nchi hii ni nadra sana.

Kosa likikwisha kutokea, lisahihishwe pale pale lilipotokea na kwa sauti ile ile. Lililosomwa redioni lisomwe tena redioni, saa ile ile, na jina la kila aliyeguswa litajwe kamili. Ndivyo tulivyofanya kwa yule mwalimu wa kwaya. Mzee mwenye baiskeli alikataa kuniachia picha mpaka aisikie tanzia mpya nikiisoma mbele yake, mstari kwa mstari, na nilipomaliza akaniambia niongeze jina la kijiji alikozaliwa kaka yake na sauti aliyoimba. Niliongeza. Kisha nikapiga simu Mpwapwa, nikamwamkia mkimbiaji, nikamwomba radhi, na kabla ya kukata simu nikamwuliza tarehe yake ya kuzaliwa, jina la babu yake na mwaka aliokimbia zile mbio za mkoa. Alinitajia yote bila kusita, na mistari ya watu hao wawili imekaa ukurasa mmoja katika daftari langu, kila mmoja ameandikwa katika safu ya mwisho ya mwenzake.